Kigoda cha Pili

Mtu wa kwanza kuokolewa na bango letu ni yule aliyelichora, na aliokolewa wiki mbili kabla hajalichora. Ninalijua hili kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekaa karibu naye, na katikati yetu kulikuwa na ungo wa maharage.

Nirudi nyuma kidogo ili mambo yafuatane.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Iringa. Nyumbani kwetu ni Iyunga, Mbeya. Baba yangu ni Mngoni aliyefuata kazi ya ujenzi wa reli, kazi ikamweka huko. Pale chuoni nilichagua somo la sanaa na ufundi. Sikujua kuchora. Nililichagua kwa sababu karakana ilikuwa na jiko la kuchemshia gundi, na baridi ya Iringa mwezi wa sita haina huruma. Nilichojua mimi ni kuandika. Nilikuwa na daftari lenye jalada gumu, na humo niliandika nani kasema nini, saa ngapi, akiwa amevaa nini. Wenzangu waliniita karani wa mahakama.

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa neno "nzuri". Ukimpelekea kazi yako anauliza, "Nani ameiona? Kasema nini?" Alitufundisha kubuni kwa hatua: chora, peleka kwa watu, uliza wanaona nini, funga mdomo, andika maneno yao kama yalivyotoka, rudi uchore upya. Hatua ya kufunga mdomo ndiyo iliyowashinda wengi.

Muhula ule alituletea mgeni darasani, tabibu wa zahanati moja karibu na Rujewa, kule kwenye mashamba ya mpunga. Alisimama mbele yetu kofia ikiwa mkononi. Alisema zahanati yake ina mabango ya kuchemsha maji, ya mbu na ya mama wajawazito, lakini lipo jambo moja lisilo na picha. Watu wa eneo lake walikuwa wakijitoa uhai, na familia zikificha. Wenyeji wanaolima mpunga, wageni waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, wote.

"Mtu anapita mlangoni kwangu na mzigo huo, haingii," alisema. "Akiwa na homa anaingia. Akiwa na huo hajui kama nao ni wa zahanati. Nataka picha ya kumwambia aingie."

Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika na kuyapigia mstari: "Ukiwa na wasiwasi na mtu, muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpi wazo. Wazo analo tayari. Unampa mahali pa kulitua."

Hiyo ikawa kazi yetu ya muhula.

Mchoraji hodari kuliko wote darasani alikuwa kijana wa hukohuko Iringa, mrefu, mpole, mwenye vidole vya wino siku zote. Mimi Mngoni na yeye wa huko, kwa hiyo tulikuwa watani. Utani wetu ulikuwa na mzaha mmoja mkongwe, unaosemwa juu ya watu wa kwao tangu kabla sijazaliwa: kwamba hasira zao ziko karibu, na ukimnyima mmoja wao maharage atakwenda kujiua. Kila tulipopanga foleni ya chakula nilipaza sauti, "Jamani, mtani wangu apakuliwe kwanza! Leo sitaki kulala msibani."

Foleni nzima inacheka. Naye anacheka, anajibu, "Na huyu Mngoni msimpe nyama. Panya mmoja anamtosha."

Ndivyo ilivyokuwa, mwaka mzima.

Bango lake la kwanza lilikuwa na mwanamume aliyekaa juu ya gogo, ameshika tama, macho chini. Ungeweza kuhesabu mishipa ya mkono wake. Koti lilikuwa limechanika begani na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Chini yake maneno: "Usikae peke yako. Njoo zahanati." Alipolifunua, darasa zima likasogea karibu. Hata Mwalimu alichelewa kuuliza swali lake.

Tulikwenda Rujewa watatu: Mwalimu, mchoraji, na mimi na daftari langu. Tabibu akalipigilia bango kwa misumari minne kwenye ukuta wa baraza, tukakaa kwenye benchi la wagonjwa, midomo tumefunga.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye bandeji mguuni. Alilitazama, akatikisa kichwa. "Huyu kafiwa."

"Na maneno haya chini, baba?" nikamuuliza.

"Mimi sisomi, mwanangu. Lakini sura inajitosheleza. Kafiwa na mtu mkubwa. Mazishi lini?"

Alifuata mama wa makamo, mtoto mgongoni, kapu kichwani. Alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani kaleta hiki?"

"Ni picha ya mafunzo, mama," akasema tabibu.

"Mafunzo ya nini? Mtoto wangu akishika tama namchapa mkono. Kushika tama ni kuita msiba. Na nyie mmempigilia misumari aite kutwa nzima!"

Akatua kapu. Akang'oa misumari mmoja mmoja kwa vidole, akaligeuza bango uso ukutani, akairudisha misumari kwa kuigonga na jiwe. "Nimewasaidia," akasema, akabeba kapu lake akaenda.

Nilimtazama mchoraji. Daftari langu linasema: "Anaangalia mgongo wa karatasi."

Kesho yake asubuhi yeye na Mwalimu walitangulia barabarani kutafuta gari. Mimi nilibaki kukusanya vitu vyetu. Hapo ndipo walipofika wanawake watatu, khanga zimefungwa viunoni kimsiba, mmoja na mzigo wa kuni, wa pili na nusu debe ya mchele, na wa tatu, bibi wa miaka mingi, na kigoda kichwani.

"Poleni na msiba," wakasema.

Mzee wa bandeji alikuwa ameshaeneza habari. Tabibu akawaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni picha tu, akawaomba warudi na mchele wao. Mwenye mchele akakataa katakata.

"Nilishautoa kwa ajili ya msiba, daktari. Nirudi nao nyumbani nimlishe nani? Wapikieni wagonjwa."

Mimi, kwa tabia yangu, nilikuwa nimeshafungua daftari. Nikamuuliza bibi, "Shikamoo bibi. Mbona umekuja na kigoda?"

"Marahaba. Kwenu mnakwenda mikono mitupu?" Akakitua, akakikalia. "Kwa mtu mwenye uchungu hukalii kigoda chake. Unakwenda na chako. Akikuona umebeba cha kwako, anajua huna haraka. Unakaa. Humuulizi habari za kijinga. Ukikuta mchele, unachambua naye mchele."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme. Au mpaka mchele uishe, uombe mwingine."

Ndani ya basi niliwasimulia wenzangu kwa kicheko. Niliigiza zile khanga, niliigiza "poleni na msiba". Mwalimu alitabasamu, kisha akaniambia niandike yale ya kigoda vizuri, nisipoteze neno. Mchoraji alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Alichosikia yeye, nilikuja kujua baadaye, ni kwamba picha yake imewafanya watu wakosee.

Wiki iliyofuata niliandika mambo haya, moja moja, kama nilivyozoea kuandika mengine yote. Jumatatu: mtani amemgawia jirani yake wa meza brashi zake zote tatu. Jumatano: sweta lake la bluu limevaliwa na kijana wa mwaka wa kwanza, na nje umande umeganda kwenye majani. Alhamisi: nimepiga mzaha wa maharage, amecheka, ameacha sahani bila kuigusa. Ijumaa: amefagia sehemu yake ya karakana, hata chini ya meza. Jumamosi: amemuaga mpishi kwa kumshika mikono yote miwili, na likizo bado mwezi mzima.

Jumapili baada ya ibada nilikaa kitandani nikasoma kurasa hizo kwa mfululizo. Kila jambo peke yake lilikuwa dogo. Yalipopangwa yakafuatana, yakasema jambo moja. Mtu huyu alikuwa anafunga safari, na hakuna mahali alipokuwa anakwenda.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuchambua maharage ya jikoni. Nilitazama dirishani nikamwona amekaa nyuma ya karakana, peke yake, kwenye kigoda cha miguu mitatu tulichokuwa tunakikalia sote. Chini ya kitanda changu kulikuwa na kigoda changu mwenyewe, cha miguu minne, nilichotoka nacho Iyunga. Nikakikwapua. Nikaweka ungo wa maharage kichwani, kigoda kwapani, nikakata uwanja wa mpira katikati, mchana kweupe, wavulana wakicheza.

"Oyaa, Mngoni anakwenda kuposa!"

"Mahari maharage! Mtani, kataa, dai na mafuta!"

Sikugeuka. Nilifika nikakitua kigoda, nikakaa, nikaweka ungo katikati yetu. Yeye alikitazama kigoda kabla ya kunitazama mimi. Alikuwa anaikumbuka habari ya bibi. Baada ya muda mkono wake ukaja kwenye ungo, akaanza kutoa mawe.

Tulichambua hivyo nusu saa. Maneno ya tabibu, yale niliyoyapigia mstari, yalikuwa yananisukuma na mimi nayarudisha. Mwishowe nikasema, "Mtani, nataka kukuuliza jambo. Si utani."

"Uliza."

"Unafikiria kujitoa uhai?"

Alikuwa na kijiwe kati ya vidole viwili. Akakizungusha, akakizungusha. "Ndiyo," akasema. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza hilo bila kucheka."

Nikakumbuka foleni zote za chakula za mwaka mzima, na sauti yangu juu ya sauti zote.

Akanieleza. Baba yake alikufa hivyo, yeye akiwa darasa la nne. Walimzika haraka haraka, bila matanga. Majirani waliona aibu, wengine waliogopa, wakapita njia ya mbali. Hakuna aliyeleta kuni, hakuna aliyeleta hata punje. Watoto wa shuleni wakauchukua ule mzaha mkongwe wakamwekea yeye jina. Yule mwanamume juu ya gogo alikuwa baba yake, na lile koti lililoshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine lilishonwa na mama yake.

"Nilimchora ili watu wamtazame," akasema. "Na wao wakamgeuzia ukutani."

Hapo nikaona kwamba habari ile ile niliyoisimulia ndani ya basi kwa kicheko, nilikuwa bado sijaisimulia kweli.

"Aliyemgeuza ni mmoja," nikamwambia. "Waliokuja kumpa pole ni watatu. Sikiliza. Walisikia kuna mwanamume ameonekana kwenye baraza la zahanati, mwenye majonzi ya kufiwa. Hawamjui. Hawakuuliza ni kabila gani, hawakuuliza nani kafa wala kafaje. Walikwenda nyumbani wakapima mchele."

"Kiasi gani?"

"Nusu debe. Na mzigo wa kuni. Na bibi mzima kabeba kigoda chake."

"Kwa ajili ya baba?"

"Kwa ajili ya yule pale kwenye picha. Tabibu aliwaambia warudi nao, wakakataa. Ukapikwa. Wagonjwa wote walikula."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona analia kweli.

"Kwa hiyo matanga ya mzee wangu yamefanyika Rujewa," akasema, "na mimi mwanawe nikawa barabarani natafuta gari."

Hatukuachana siku hiyo. Maharage yalipoisha tulikwenda pamoja kwa Mwalimu, na nilimwambia mbele ya mtani wangu kila kitu, kwa ruhusa yake. Mwalimu alizima jiko la chai, akaweka godoro katika chumba cha wanawe. Mtani wangu alikaa pale wiki nyingi, na hakuachwa peke yake. Alipelekwa kwa daktari wa hospitali ya mjini, akawa anakwenda kila alipoitwa. Haikuwa kazi ya siku moja. Zilikuwapo siku mbaya, nimeziandika nazo. Lakini siku ya nane alikwenda kwa yule kijana wa mwaka wa kwanza akadai sweta lake, wakagombana kidogo, na mimi sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Nilimwomba msamaha kwa ule mzaha.

"Utani tuendelee nao," akasema. "Huo mmoja tuuzike. Na uletewe mchele."

Bango la pili alilichora akiwa kwa Mwalimu. Halikuwa na mtu. Lilikuwa na vigoda viwili, na ungo wa maharage katikati. Darasa lilibishana wiki nzima. Wengine walisema bango la afya bila mtu ni tangazo la seremala. Alichokataa kubadilisha ni vigoda kutofanana: kimoja cha miguu mitatu, kimoja cha minne. Chini akaweka maneno machache: "Nimekuja. Sina haraka." Kisha: "Zahanati nayo haina haraka." Alilichonga kwenye ubao kwa patasi, tukapaka wino, tukalaza karatasi, tukasugua kwa mgongo wa kijiko. Tulitoa nakala kumi na mbili, na mikono yetu ilikuwa myeusi mpaka Krismasi.

Tukarudi Rujewa. Misumari ilikuwa bado ukutani, bango la kwanza likiwa bado limegeuzwa uso. Mtani wangu alilitoa mwenyewe, akalikunja, akalitia ndani ya shati. Tukapigilia la pili, tukakaa kwenye benchi, tukafunga midomo.

Aliyekuja alikuwa yule yule mama wa kapu. Nilimkanyaga mtani wangu mguu bila kukusudia.

Alisimama. Akaweka mkono kiunoni. "Hapa pana watu," akasema.

"Wako wapi, mama?" nikamuuliza.

"Wamenyanyuka sasa hivi, si unaona ungo haujaisha? Wanarudi." Akasogea karibu. "Huyu wa miguu minne ndiye mgeni."

"Umejuaje?"

"Wewe binti, huoni? Havifanani. Vya huku ni vya miguu mitatu; hicho kaja nacho." Akatazama tena, na sauti yake ikashuka. "Kuna mtu humu alikuwa na uchungu."

Mtani wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona tone la machozi likidondoka kwenye kiatu chake, na niliona pia kwamba anatabasamu, na yote mawili nikayaandika. Mwalimu, ambaye hakupenda neno "nzuri", alisema tu, "Chora nyingine kumi na mbili."

Kilichofuata hatukukibuni sisi. Miezi miwili baadaye tabibu alikuja chuoni, akasimama mbele ya darasa kama mara ya kwanza, lakini safari hii kofia akiwa ameivaa. Alisema asubuhi moja mwanamume wa makamo, mfugaji, aliingia zahanati amebeba kigoda. Hakusema anaumwa nini. Alikitua mbele ya meza, akakaa. Tabibu akatazama ukutani, akamtazama, akaelewa. Akafunga daftari la wagonjwa, akahamisha kiti chake upande ule wa meza.

"Yuko hai," akasema tabibu. "Jana kaniletea maziwa. Na baada yake wamekuja wengine na vigoda. Wanapita nje, watu wanadhani wanakwenda kuviuza."

Darasa lilipiga kelele kama uwanja wa mpira. Mtani wangu walimbeba juu, kichwa chake kikagonga boriti ya karakana, na bado alikuwa anacheka.

Alimaliza chuo akiwa wa kwanza katika somo letu, akapangiwa shule ya Mbeya, si mbali na kwetu Iyunga. Aliwafundisha watoto kubuni kwa hatua zile zile, na hatua ya kufunga mdomo aliiandika juu ya ubao kwa rangi ya mafuta isiyofutika. Mama yangu alimzoea. Kila alipotukuta jikoni tunachambua kitu alisema, "Mtani, sogeza ungo."

Kabla hatujamaliza chuo tulizungusha nakala zile sisi wenyewe, na nyingine zilibaki mahali zilipowekwa mpaka zikafifia kwa jua. Zote nilizifuatilia, naweza kueleza kila moja iliishia wapi, isipokuwa moja.

Hiyo tuliibandika Ruaha Mbuyuni, kwenye baraza la duka lililo kando ya barabara kuu, wanapopakia vitunguu. Tulipopita tena wiki ya tatu haikuwapo. Haikuchanwa. Misumari minne ilikuwa imepangwa kwa mstari kwenye ukingo wa dirisha, kama inavyopangwa na mtu asiye na haraka. Mwenye duka alisema hakuona aliyeitoa. Alichokuwa anakitafuta yeye ni kigoda chake, kilichokuwa hapo hapo barazani chini ya bango, nacho hakikuwapo. Nilimuuliza ni nani kijijini ana uchungu siku hizi, akafikiri, akataja nyumba mbili. Tulikwenda zote mbili. Hakuna iliyokuwa na kigoda hicho; basi ilikuwapo nyumba ya tatu, ambayo mwenye duka hakuijua.